Kidari, Bega na Chuo cha Kwanza

Katika ukoo wetu nyama ya mbuzi haigawiwi kwa kuangalia njaa ya mtu wala kazi aliyoifanya. Inagawiwa kwa nafasi yake. Kidari ni cha mkubwa wa ukoo, na mkubwa kwa sasa ni mimi. Bega la kulia hupewa anayemfuata kwa kuzaliwa, naye ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mbavu ni za wake walioolewa kwetu. Waliochinja hupata utumbo pamoja na kisusio, ile supu inayopikwa na damu. Shingo huachiwa vijana ambao bado hawajajenga. Aliyemnunua mbuzi hapati kitu kwa sababu ya kumnunua, na jambo hili limemuuma mdogo wangu kwa muda mrefu, kwa kuwa mbuzi wengi wanaochinjwa katika kihamba chetu, yaani shamba la migomba la ukoo, huletwa na yeye kutoka Dar es Salaam, au tuseme hununuliwa njiani, sokoni Bomang'ombe, kisha hupandishwa mlimani kwenye gari lake kama mgeni rasmi.

Utaratibu huo naupenda na nitaulinda hadi nife. Lakini sijawahi kuudhania kuwa ni zaidi ya ulivyo. Mtu akitaka kujua nani ampogolee kahawa, asiangalie nani anakula kidari. Mimi ninakula kidari na kahawa yangu hupogolewa na jirani, maana mkono wangu ulizoea kalamu. Cheo cha nyama kinapima kuzaliwa. Hakipimi kingine chochote, na hakuna mtu mlimani kwetu, hata mlevi, anayelikosea hilo. Ndiyo maana sijaweza kumsamehe ndugu yangu, ambaye alilielewa tangu utotoni akiwa amekaa karibu na nyama, kisha akashindwa kulielewa alipolikuta kwenye simu.

Nilikuwa hakimu. Nilianzia Bomang'ombe, nikahamishiwa upande wa Rombo, ambako kesi nyingi zilipanda kutoka mpakani Holili zikiwa na mashahidi walioapa juu ya mambo ambayo hawakuyaona. Kazi yangu kubwa, nikiitazama sasa, ilikuwa kuuliza swali moja: wewe uliona, au uliambiwa? Shahidi aliyesema "watu wote wanajua" nilimwomba aniletee mmoja wao. Mara nyingi hakumpata. Nilistaafu, nikarudi kihambani, nikadhani swali hilo nimelikabidhi pamoja na mhuri.

Nyumbani nilikuwa ninawalea wajukuu wawili wa kike, mtu na mdogo wake, tangu mama yao alipofariki. Mkubwa alipenda maji. Sisemi kwamba alipenda kuogelea. Alipenda kujua kwa nini mfereji wa ukoo, unaotoka juu msituni na kupita kwenye vihamba vya watu wengi, hufika kwetu ukiwa umedhoofika. Wanaume walipokwenda kusafisha banio, pale maji yanapochepushwa kuingia mferejini, aliwafuata, ingawa hilo halikuwa jambo la wasichana, akarudi na matope magotini na maswali ambayo wazee hawakuweza kuyajibu. Alipofika kidato cha sita alikwishaamua: uhandisi wa maji. Tulikitafuta pamoja chuo kinachofundisha kozi hiyo. Tulikipata kimoja, tukakitembelea, akaona kwa macho yake maabara yenye mifereji ya vioo ambamo wanafunzi huyapima maji yakipita. Alirudi akiwa kimya kwa furaha.

Ikaja Desemba, ndugu wote wanapopanda mlimani kwa Krismasi. Mdogo wangu alikuwa amekaa uani, miguu ameinyoosha kama mwenye nyumba, mkononi simu yenye orodha ya vyuo vilivyopangwa kwa namba.

"Mjukuu," akamwita yule mkubwa, "hicho chuo chako ni cha ngapi?"

"Sijui, babu mdogo. Tulitafuta kozi."

"Hujui!" Akawageukia watu. "Jamani, mtoto ana akili hivi, halafu babu yake anampeleka chuo ambacho hata jina lake kulitafuta kwenye orodha ni lazima ushuke, ushuke, ushuke, mpaka kidole kichoke." Akaonyesha kwa kidole, watu wakacheka. "Namba wani hiki hapa. Mtu wa ukoo huu anasoma namba wani."

Nikamwuliza kama hicho namba wani kinafundisha uhandisi wa maji.

"Kaka, unaingia kwanza. Ukishakuwa ndani unahamia kozi unayotaka. Wengi wamefanya hivyo."

"Wengi akina nani?"

Hapo alisimama, akainua mikono kama karani wa mahakama, akasema kwa sauti ya kuimba: "Mheshimiwa, mahakama imeahirishwa! Mambo ya mipaka ya migomba tunakuachia wewe, haya ya dunia utuachie sisi." Uani wote ulicheka. Walicheka wake za wapwa zangu, walicheka watoto ambao hawakujua kilichosemwa. Binti naye, wa miaka kumi na tisa, aliwatazama ndugu zake waliokuwa wanampigia makofi kwa heshima ambayo hata hajaipata, na nikaona uso wake unageuka. Sikumlaumu siku ile, na simlaumu leo. Makofi ya ukoo mzima ni mazito kuliko neno la babu mmoja.

Aliomba kama alivyoelekezwa, akishuka na orodha kutoka juu. Chuo cha kwanza kilimpokea, kikampa kozi ya takwimu, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa na nafasi na yeye alikuwa na alama. Akaomba kuhama. Kozi aliyotaka kuhamia haikuwepo pale. Iliyokaribiana nayo ilikuwa imejaa, na walioijaza walikuwa wameiomba tangu mwanzo. Aliwatafuta hao "wengi" waliowahi kuhama. Hakumwona hata mmoja. Mwaka wa pili matokeo yalianza kuanguka, na kabla hayajafika kwenye kile ambacho vijana hukiita kudisko, yaani kufukuzwa kwa kufeli, alifunga begi lake mwenyewe akarudi nyumbani. Sasa yuko Holili, katika ofisi ya mtu anayepitisha mizigo mpakani, anajaza karatasi za malori. Kazi ni halali na anaifanya vizuri. Haina tone la maji.

Nilimpigia mdogo wangu simu nikamweleza. Nilingoja neno moja tu la kuomba radhi, na sikutaka refu. Akasema: "Lakini si mbaya, kaka. Angalau alisoma chuo cha kwanza."

Niliikata simu. Tangu siku hiyo nilikuwa na kesi.

Sikwenda kumtukana. Mtu anayetukana humpa mwenzake nafasi ya kukasirika, nami sikutaka kumpa hata hiyo. Nilikaa na mjukuu mdogo, ambaye wakati huo alikuwa angali sekondari, nikamwambia anionyeshe hizo orodha, nikazisoma kama nilivyokuwa nikisoma mwenendo wa shauri, pamoja na yale maelezo ya chini ambayo hakuna anayeyafungua, yanayosema kilichopimwa. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba orodha ziko nyingi na hazikubaliani. Chuo kilichokaa juu katika moja kilikuwa katikati ya nyingine. La pili, karibu zote zinapima chuo kizima kwa pamoja, na zinapima zaidi utafiti: machapisho ya walimu, na ni mara ngapi wenzao wameyanukuu. Hilo si jambo dogo. Lakini chuo kinaweza kupandishwa juu na watafiti wa magonjwa, na mwanafunzi wa ujenzi aliye jengo la pili asifaidike kwa lolote. La tatu lilinifanya nicheke peke yangu mpaka mjukuu akaja kuangalia kama ninaumwa. Katika baadhi ya orodha, sehemu kubwa ya alama hutokana na kuwauliza maprofesa walio sehemu mbalimbali za dunia wanavionaje vyuo vya wenzao, wawe wamevikanyaga au hawajavikanyaga.

"Mjukuu wangu," nilimwambia, "hawa wamekusanya ushahidi wa kusikia, wakautia alama."

Sikusema kwamba orodha zinadanganya. Zinajibu kwa ukweli swali lililoulizwa na mtu mwingine. Kosa ni la yule anayelichukua jibu hilo na kulipachika kwenye swali lake mwenyewe, kisha akalitangaza uani kwa sauti.

Baada ya hapo nilingoja mbuzi.

Alikuja Julai, miaka michache baadaye. Mjukuu mdogo alikuwa amefaulu kidato cha sita vizuri sana, na dirisha la kuomba vyuo lilikuwa limefunguliwa. Yeye alitaka upimaji wa ardhi. Sikumshawishi, alikulia katika nyumba iliyojaa hadithi za watu waliopigana mapanga kwa ajili ya mstari wa masale, mimea yetu ya mpaka, uliosogezwa hatua moja, akaamua anataka kuwa mtu anayejua mstari ulipo. Mdogo wangu alipiga simu akasema anakuja na mbuzi wa shukrani, na kwamba tusiombe popote kabla hajafika. Nikamjibu kwa upole kwamba tutamsubiri. Nikampigia pia mjukuu mkubwa huko Holili, nikamwomba aje.

Siku ile ilikuwa ya baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na watu walikaa karibu na moto. Mbuzi alichinjwa. Nyama ikiwa bado kwenye majani ya mgomba, mdogo wangu alisimama na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi.

"Ndugu zangu, mtoto wetu ametupa heshima. Sasa tusifanye mambo ya kienyeji. Orodha ya mwaka huu nimeshaiangalia. Namba wani ni kilekile."

"Kaa," nikamwambia. "Shahidi hujibu akiwa ametulia."

"Kaka, leo ni sherehe, siyo mahakama."

"Wewe mwenyewe ulisema imeahirishwa. Shauri lililoahirishwa hurudi."

Watu wakacheka. Mke wa mpwa wangu mmoja akaniita kama wazee wanavyoitwa kwetu, akasema, "Meku, usimfunge lakini, ndiye aliyeleta mbuzi!" Mdogo wangu naye akacheka, akakaa, akiamini bado tunataniana.

"Hiyo orodha imepima nini?"

"Ubora."

"Ubora wa nini? Wa vyoo?"

"Kaka! Wa chuo. Chuo bora ni chuo bora."

"Binti anataka kusoma nini?"

Akakuna kidevu. "Si haya mambo ya ardhi."

"Mambo ya ardhi ni mengi. Kuna kuilima, kuna kuiuza na kuna kuzikwa humo. Yeye anataka lipi?"

"Upimaji, babu mdogo," mjukuu akasema kwa sauti ya chini.

"Upimaji. Ndiyo. Hilohilo."

"Chuo chako cha kwanza kinafundisha upimaji?"

"Lazima. Chuo cha kwanza kikose upimaji?"

"Uliona, au uliambiwa?"

"Kaka, watu wanajua."

"Niletee mmoja."

Hakuna aliyecheka safari hii. Nilimwomba mjukuu afungue mwongozo wa udahili, ule unaotaja kila chuo na kozi zake, asome kozi zote za chuo cha kwanza kwa sauti. Alisoma. Ilichukua muda, na sikumharakisha. Moto ulilia, mafuta yakadondoka. Alipofika mwisho akasema, "Haipo, babu mdogo."

"Basi aingie kozi nyingine," mdogo wangu akasema haraka, "halafu akiwa ndani ata…"

Mjukuu mkubwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na sufuria ya mtori, supu ya ndizi na nyama, mikononi, anamtazama.

"Malizia," nikamwambia. "Mara ya kwanza uliimalizia vizuri sana. Watu walipiga makofi."

Hakuimalizia. Niliuacha ukimya huo ukae. Niliwahi kuona ukimya wa namna hiyo mahakamani na ninajua thamani yake. Hakimu mchanga huukatiza. Kisha nikaomba kisu.

Kidari nilikiweka mbele yangu, kama inavyotakiwa. Mbavu nikawapa wenye mbavu. Nikalishika bega la kulia, nikaliinua ili kila mtu alione, na mdogo wangu akanyoosha mikono yote miwili kama anavyonyoosha kila mwaka. Nikampita. Nikaenda mpaka mlango wa jiko, nikaliweka bega juu ya sinia mbele ya mjukuu mkubwa. Tangu nizaliwe sijaona mwanamke akipewa bega katika ukoo wetu. Mzee mmoja wa upande wa mama alikohoa. Nikarudi, nikaikata shingo, nikampa mdogo wangu.

"Hii ni ya wale ambao bado hawajajenga," nikamwambia. "Kuna nyumba ya mtu uliibomoa. Siku utakapoisimamisha, nitakurudishia bega lako."

Nyama ya ukoo haikataliwi. Anayeikataa ameukataa ukoo. Aliipokea. Mvi zake nilizihesabu kuwa nyingi kuliko nilivyokumbuka. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na sioni faida ya kujipaka huruma ambayo sikuwa nayo. Nilikila kidari changu chote, nami ni mtu ambaye daktari amemkataza nyama.

Jioni mdogo wangu alikwishashuka. Mjukuu mkubwa alikuja kukaa karibu nami, sinia lile bado limefunikwa.

"Babu," akasema, "mimi nilitaka maji. Sikutaka bega."

"Najua."

"Hujanipa maji."

"Nimekupa nilichokuwa nacho."

Alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Kisha akamwita mdogo wake na simu yake, wakakaa mezani, na hapo nikaona kitu ambacho katika kupanga kisasi changu sikukiwekea nafasi. Yeye ndiye aliyejua maswali. Kwanza waliandika vyuo vyote vyenye kozi ya upimaji iliyothibitishwa, bila kuangalia cheo. Halafu akamwelekeza mdogo wake aulize katika kila kimoja: walimu wa kozi hiyo ni wa kudumu, au ni wa kuazima wanaokuja wanapoweza? Vifaa vya kupimia mwanafunzi anavishika, au vimefungiwa kabatini vinaonyeshwa wageni? Mafunzo ya vitendo yanafanyika wapi? Waliomaliza wako wapi leo? Hilo la mwisho hakutaka lijibiwe na chuo. Kupitia ofisi yake ya Holili alimpata mpimaji aliyewahi kufanya kazi mpakani, akampigia, akampata na mwingine kupitia huyo.

"Na msimwulize kama chuo ni kizuri," nilisema kutoka kwenye kiti changu. "Mwulizeni alifanya nini kazini Jumatatu iliyopita."

"Babu, tumeshamwuliza," mkubwa akanijibu bila kugeuka.

Vilibaki vyuo viwili vilivyolingana kwa kila walichokijua. Ndipo mjukuu mdogo, kwa woga kidogo, akaniuliza kama sasa wanaweza kuangalia orodha. Niliwaruhusu. Waliangalia, wakasoma kilichopimwa, wakakiweka mbele kile kilichokuwa juu zaidi katika fani za uhandisi, si katika jumla. Orodha ilifanya kazi yake halali, ndogo, mwishoni. Maombi yakatumwa. Chuo walichokitanguliza kiko chini sana katika ile orodha ya mdogo wangu. Kukifikia ni lazima ushuke, ushuke, mpaka kidole kichoke. Mjukuu yuko huko sasa, anapigwa na jua, na simu zake zinahusu nguzo na pembe.

Mkubwa alirudi Holili na bega lake limefungwa kwenye majani. Alinieleza baadaye kwamba aliwagawia madereva wa malori. Sikumwuliza kwa nini. Mwaka huu ameomba tena uhandisi wa maji, katika kile chuo chenye mifereji ya vioo. Majibu hayajatoka.

Lakini shauri langu lilifungwa kabla ya hapo, siku dirisha lilelile la udahili lilipokuwa linakaribia kufungwa. Mdogo wangu alinipigia. Alianza na shikamoo, ambayo alikuwa ameiacha tangu aliponunua gari. Mjukuu wake wa kiume, huko Dar es Salaam, naye alikuwa amefaulu.

"Kaka, naomba uniangalizie. Kijana aombe wapi?"

"Mambo hayo hayasemwi kwa simu," nikamjibu. "Panda uje. Na usilete mbuzi."

Alikuja, safari ya siku nzima, akafika kesho yake asubuhi akitokea Rau, chini ya mlima, alikolala. Nilikuwa kwenye mashine ya kumenyea kahawa. Nilimwona akisimama pembeni, nikaendelea kuizungusha mpaka debe likaisha, nikanawa mikono polepole. Hapakuwa na kiti karibu nami na sikuagiza kiletwe.

"Kijana anataka kusoma nini?" nikamwuliza.

Akatoa simu mfukoni. "Nitampigia sasa hivi anieleze."

"Hapana. Hapo utakuwa umeambiwa. Rudi, ukae naye, umtazame usoni anapokujibu, ndipo uje."

"Kaka, ni Dar es Salaam!"

"Naijua ilipo."

Alinitazama akingoja nicheke, kama tulivyokuwa tukicheka zamani tukiwa watoto kwenye uani huuhuu. Kisha akageuka, akashuka njia ya migomba akiushika ukuta wa mawe kwa sababu ya utelezi. Harufu ya mtori ilikuwa imeshajaa uani, na sahani zilikuwa zinapangwa. Sikumwita.